Taipureta Haijawahi Kumkataa Peninah

Saa moja kasoro robo asubuhi. Ukungu umeikalia Nyamirambi kama kuku aliyelalia mayai, na kilima cha ng'ambo hakionekani. Kwenye kibaraza cha ofisi ya gombolola, yaani tarafa, Peninah Kyarisiima anatua begi lake mezani. Anatoa viazi viwili vya kuchemsha kwenye mifuko ya koti, anavibana kimoja huku kimoja huku viganjani, kisha anafumba macho kama mtu anayesali.

Hasali. Anangoja vidole.

"Vumilieni kidogo, viko njiani," anawaambia wateja wawili walioketi kwenye benchi. "Vimepitia kwa jirani kuota moto."

Vidole vyenyewe ni vyeupe kama mshumaa. Baada ya muda vinageuka bluu. Halafu joto la viazi likishaingia, vinakuwa vyekundu. Peninah anaita hiyo bendera yake. Rangi ya tatu ikitokea, siku imefunguliwa. Anaivua taipureta kifuniko cha plastiki, anaingiza karatasi mbili zenye kaboni katikati, na vidole vilivyojikunja kama ndoano vinaanza kudonoa.

Tak. Tak. Tak-tak.

Kabla mstari wa kwanza haujaisha, simu inalia ndani ya begi. Ni simu janja, zawadi ya binti yake Doreen aliyeko Kampala. Peninah anamega kiazi kimoja kwa meno, anageuza upande uliomegwa, na anautelezesha kwenye kioo cha simu kutoka kushoto kwenda kulia. Simu inapokea.

"Haloo, Doreen! Nimeamka, ndiyo. Na kiazi kimeamka."

Mteja mmoja, kijana aliyeshuka kutoka vilima vya juu, anabaki mdomo wazi. "Ee, nyabo! Kwani simu yako inalishwa?"

"Hii haipokei mtu wa mikono mitupu," anajibu Peninah. "Iko kama wakwe zako."

Akimaliza kuongea na binti yake, anaipangusa simu kwa leso, na kiazi kinafanya kazi yake ya tatu. Kinaliwa.

Peninah ana miaka hamsini na minane, na ni mpiga taipu wa mwisho kwenye kibaraza hiki. Kwa miaka kumi na moja amekuwa akiishi na ugonjwa ambao madaktari wanauita skleroderma. Ngozi inakakamaa na kujivuta, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa juani. Vidole vyake havinyooki tena wala havikunji ngumi. Ncha zake hupasuka vidonda vinavyochukua miezi kupona, na alama alizozaliwa nazo kwenye vidole zimelainika mpaka zikatoweka.

Simu za kugusa hazimjui. Mashine za alama za vidole hazimjui. Na wiki hii, kutojulikana huko kunaweza kumwondoa kibarazani.

Tangazo limebandikwa mlangoni pa ofisi kwa wiki tatu sasa. Kila mwenye meza kibarazani ahakikiwe kwa kitambulisho cha taifa na alama ya kidole, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Asiyehakikiwa ataondoa meza yake. Leo ni Alhamisi. Peninah amejaribu mara tatu, na mara tatu mashine imemgomea.

Jaribio la kwanza bado linasimuliwa hapa Nyamirambi kama kichekesho. Karani anayesimamia uhakiki ni Brenda Orikiriza, binti mpole wa miaka ishirini na minne, aliyeletwa na kishikwambi na kimashine kidogo chenye taa ya kijani.

"Kaaka, weka kidole," Brenda alimwambia, kwa heshima ya mjukuu kwa bibi yake.

"Nimeweka."

"Inasema weka kidole."

"Mwanangu, si hiki hapa? Hukioni?"

"Mimi nakiona, kaaka. Yenyewe ndiyo haikioni."

Wakajaribu vidole vyote kumi. Wakaviosha kwa maji ya moto, wakavipaka vaselini, Brenda akavipulizia pumzi kama mtu anayewasha kuni mbichi. Taa ya kijani haikuwaka.

Upande wa pili wa kibaraza, Enoka Tibesigwa alikuwa akifuatilia yote akiwa amejishika mbavu. Enoka ana kompyuta na mashine ya fotokopi, na yeye alihakikiwa siku ya kwanza kwa sekunde mbili.

"Ijaribu kwa kiazi, Peninah!" alipaza sauti. "Labda kiazi ndicho kilichosajiliwa!"

Kibaraza kizima kilicheka, na Peninah naye akacheka. Lakini alipofika nyumbani, anasema mumewe Gershomu, hakugusa chakula.

"Alikaa anaviangalia tu vidole," anasema Gershomu, fundi mwashi mstaafu ambaye sasa cheo chake ni kuchemsha viazi kila alfajiri. "Nikamwambia, wenzangu wake zao wanawadai gauni jipya la gomesi kila Krismasi. Wewe unanidai viazi viwili tu kwa siku. Nani kama mimi? Hakucheka. Nikajua mambo ni mazito."

Kibaraza hiki hakikuwa hivi zamani. Peninah alipofika hapa mwaka 1988, msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye sketi ya kuazima, palikuwa na taipureta tano. Siku za soko kengele zake zilikuwa zikipokezana toka asubuhi mpaka jioni, na mtu aliyekuwa ng'ambo ya bonde aliweza kujua kwa sauti tu kama leo watu wanauza mashamba au wanashtakiana.

"Ungesikia!" anasema, na kichwa kinakwenda upande kama anasikiliza. "Ya Kezironi ilikuwa inakohoa. Ya marehemu Jovanisi ilikuwa na herufi ya N iliyoruka juu, kwa hiyo barua zake zote zilionekana zimekunywa. Yangu ilikuwa hii hii. Niliweza maneno hamsini na tano kwa dakika. Sasa nikifika kumi na tano, najipongeza."

Aliyemfundisha ni mzee Ezira Bafaki, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kanisani mpaka mchungaji alipomkazia macho. Kabla ya kuja kibarazani, Bafaki alikuwa karani kwenye kisiwa cha wagonjwa wa ukoma, huko ziwani Bunyonyi. Miaka kumi na sita aliandika barua za watu waliovushwa kwa mtumbwi na ambao wengi wao hawakurudi.

Bafaki alimfunika Peninah mikono kwa taulo ili asitazame herufi. Alimpa amri mbili ambazo hazikuwa za taipu.

Ya kwanza: mtu asiyejua kusoma asiweke kidole kwenye karatasi kabla hujamsomea karatasi yote kwa sauti, neno kwa neno, hata kama wenzake wana haraka.

Ya pili ilihusu daftari. Watu wengi walikuwa wakikandamiza kidole chenye wino kana kwamba wanaua chawa, na hati inachafuka. Kwa hiyo kila mtu alijaribu kwanza kwenye daftari la Bafaki, na kidole kikishatulia ndipo kikapelekwa kwenye hati.

"Siku aliponipa daftari langu," anakumbuka Peninah, "akaniambia, wa kwanza ni wewe. Nikamwambia, mzee, mimi najua kusoma, natia saini. Akasema, usimwombe mtu kidole ambacho wewe mwenyewe hujakitoa."

Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza una kidole gumba chake. Mistari yake imejizungusha vizuri, mwembamba kwa mwembamba, kama matuta ya shamba lililolimwa kuzunguka kilima. Chini ameandika tarehe kwa mkono wa kike wenye madaha.

Sasa ana madaftari kumi na moja. Anayafungua taratibu, kwa kifundo cha kidole. Hiki cha mfinyanzi, kimelika upande mmoja. Hiki cha msusi wa mikeka. Hiki cha mzee aliyekatwa na shoka, ikabidi atumie cha kushoto.

"Vidole vya watu walionunua na kuuza nusu ya vilima unavyoviona," anasema. "Na siku ya mkataba haikuwa kama leo, mtu anapiga chapa anaondoka. Waliuza shamba, mashahidi wakakaa, chungu cha muramba, pombe ya ndizi, kikaletwa. Mimi mlokole nikawekewa pembeni bushera tamu, togwa ya mtama isiyolevya. Watu wanasalimiana, wanakumbatiana, unaulizwa ng'ombe, watoto, mvua. Ndipo unaandika. Karatasi ilikuwa ya mwisho."

Ugonjwa ulikuja kwa hodi ndogo. Mwaka 2013, asubuhi za baridi, vidole vikawa vinakufa ganzi na kuwa vyeupe. Halafu vikavimba. Pete ya ndoa ikakatwa kwa msumeno wa fundi baiskeli, Gershomu akiwa amemshikilia mkono na kuangalia pembeni. Alitibiwa minyoo, akatibiwa malaria, akaombewa mara nne. Miaka miwili ikapita kabla daktari mmoja huko Mbarara hajaibana ngozi ya kidole chake, akakuta haibaniki, na kumwambia jina la kitu kilichokuwa kinamkaza.

Uso nao ulikazwa. Makunyanzi yakaondoka.

"Wanawake wa kanisani wakanifuata chemba," anasema, na kicheko kinamtoka kidogo kwa sababu mdomo wake hauwezi kufunguka wote. "Wananiuliza, Peninah, unapaka nini? Nikawaambia, dada zangu, mkijua bei yake mtabaki na makunyanzi yenu."

Dawa zake ni shilingi laki moja na elfu ishirini kwa mwezi. Ukurasa mmoja wa taipu ni elfu mbili. Siku nzuri anapata kurasa sita.

Lakini ukimwuliza kilichomuuma zaidi, hataji dawa. Anataja soko moja la mwaka 2015.

Vidole vyake vilikuwa vimeanza kujikunja, na ncha mbili zina vidonda. Kwingine watu wangesema amerogwa, au amejichoma. Hapa, ambapo karibu kila ukoo una shangazi au babu aliyevushwa kwa mtumbwi zamani hizo, watu waliona mikono ile na wakasema neno moja. Ukoma. Wakasema umerudi kutoka ziwani.

Benchi likawa tupu. Mtu akileta barua anaiweka ukingoni mwa meza, anarudi nyuma hatua tatu.

"Na wakaacha kunikumbatia," anasema. "Wewe unajua salamu yetu. Mtu anakushika kabisa, kulia, kushoto, anauliza habari mpaka ziishe. Miezi minne hakuna aliyenishika, isipokuwa mume wangu. Nikawa nasalimiwa kwa mbali kama polisi."

Mzee Bafaki alikuwa na miaka themanini na minne, hatoki nyumbani. Habari zilipomfikia akavaa kofia yake, akashuka kilima kwa fimbo siku ya soko, saa ambayo watu ni wengi. Akaenda moja kwa moja kwa Peninah, akamkumbatia mbele ya soko zima, na akamwuliza habari zote, za kweli na za kubuni. Habari za mbuzi aliowahi kuwa nao. Habari za paka.

Kisha akageuka. "Mimi nimekaa na ukoma miaka kumi na sita, chumba kimoja," akasema kwa sauti. "Naujua kama ndugu yangu. Huyu siye."

Wa kwanza kumkumbatia baada yake, watu wanasema, alikuwa Enoka. Enoka mwenyewe anakana. "Nilikuwa napita tu, nikajikwaa," anasema.

Bafaki alifariki mwaka uliofuata.

Alhamisi hii, mchana, Peninah anaingia ofisini kwa Brenda na daftari la kwanza kwapani. Anafungua ukurasa wa kwanza na kulisukuma mbele.

"Hiki hapa kidole changu. Cha mwaka 1988, kikiwa kizima. Kipige picha umpe mashine."

Brenda anakitazama muda mrefu. "Kizuri, kaaka."

"Basi kitumie."

"Haitaki karatasi. Inataka mtu mwenyewe."

"Mtu mwenyewe nimemleta mara tatu, ikasema hayupo!"

Brenda anainamisha kichwa. Anasema alifundishwa kutumia mfumo huo kwa siku moja tu, na kwamba mtu asiye na alama ya kidole hakutajwa siku hiyo. Mkuu wake yuko makao makuu ya wilaya na simu yake haipatikani. Anaahidi kuendelea kumpigia.

Peninah anarudi mezani. Anaketi mpaka jua linagusa miguu ya meza. Halafu anachukua karatasi safi na kaboni tatu, na anaanza kupiga bila kusoma popote.

Ni barua ya kisiwani. Bafaki alimfanya aipige mara kumi wakati wa mafunzo, ingawa kisiwa kilikuwa kimekwisha kubaki na wagonjwa wachache. Barua ya mtu asiye na vidole. Huyu ni fulani, binti wa fulani, wa kilima fulani. Vidole vyake vimechukuliwa na ugonjwa, yeye mwenyewe hakuchukuliwa. Mimi fulani namjua. Naweka changu kando ya jina lake.

Chini ya hapo Bafaki alikuwa akiacha mistari mitatu mitupu. Shahidi hakutakiwa kusema tu kwamba anamjua mtu. Alitakiwa aseme jambo moja kutoka maisha ya mtu huyo ambalo mgeni asingeweza kulitunga. Bafaki aliliita neno la kumjua. Bila neno hilo, shahidi alirudishwa kwenye mtumbwi wake.

"Mume haruhusiwi," anaeleza Peninah. "Bafaki alisema mume ni shahidi anayelala na ushahidi."

Ijumaa, saa nane mchana. Brenda anatoka ofisini mbiombio, simu bado iko sikioni. Mkuu wake amepatikana. Ndani ya mfumo kuna ukurasa wa watu ambao vidole vyao havisomeki, umejificha chini ya kurasa nyingine tatu. Unataka picha ya uso, barua ya maelezo, na mashahidi wawili wasio ndugu, ambao vidole vyao vinasomeka.

"Barua ninayo," anasema Peninah, kana kwamba ameulizwa kama ana chumvi.

Shahidi mmoja naye, aliyeitwa na Peninah, yuko tayari benchini tangu asubuhi, Kaaka Feresta Kyentamba, mjane wa miaka themanini na moja. Anayekosekana ni wa pili. Peninah anatazama kibaraza chote, na macho yake yanampita Enoka haraka kidogo.

Enoka anainuka kitini. "Mbona mimi huniulizi?"

"Wewe? Meza yangu ikiondoka si kibaraza chote kinakuwa chako? Utanenepa."

"Nitanenepa kweli," anakubali Enoka. "Halafu umeme ukikatika nitakonda tena."

Hakuna asiyelijua hilo hapa. Umeme ukikatika Nyamirambi, na hukatika, Enoka huvuka kibaraza na karatasi za wateja wake mikononi kama mtu aliyepeleka barua ya posa, na Peninah humpigia zote bila neno. Neno hulisema kesho yake.

Kaaka Feresta anaanza. Brenda anaandika.

"Namjua Peninah," anasema bibi huyo. "Mume wangu alipofariki, shemeji yangu alinileta hapa niweke kidole. Akasema ni karatasi ya mazishi. Kidole changu kilikuwa na wino tayari. Huyu akanishika kifundo cha mkono, akasema, ngoja, kaaka, nikusomee kwanza. Akasoma. Ilikuwa karatasi ya kuuza shamba langu."

Anakitazama kidole chake.

"Nilijifuta wino kwenye kanzu ya shemeji. Mpaka leo nalima pale."

Anaweka kidole kwenye kimashine. Taa ya kijani inawaka.

Enoka anakohoa. "Langu ni fupi. Namjua. Mwaka 1996 aliniandikia barua ya posa."

"Malizia," anasema Peninah.

"Si imetosha?"

"Hilo hata mgeni angelitunga. Malizia, au panda mtumbwi wako."

Enoka anatazama paa. "Niliandika kwamba nina mbuzi kumi na moja. Akakataa kuandika. Nikasema saba. Akakataa. Akasema anawafahamu mbuzi wangu kwa sura, na ni watatu, mmoja kilema." Watu wa benchi wanaanza kucheka, naye anapandisha sauti. "Akaandika watatu! Na baba mkwe akasema, kijana wa kwanza asiyenidanganya kwenye barua. Akanipa binti yake. Sasa mmefurahi?"

Taa ya kijani inawaka kwa Enoka, kwa sekunde mbili.

Inabaki picha. Inapigwa. Kisha Brenda anasimama ghafla, na uso unamshuka. Ukurasa wa mwisho unasema mwombaji mwenyewe agonge neno "Nakubali" kwenye kioo cha kishikwambi. Karani akimgongea, maombi hayahesabiki.

Peninah anagonga kwa kidole. Hakuna kitu. Anagonga kwa kifundo. Hakuna. Anainama, anajaribu kwa ncha ya pua, mbinu ambayo nyumbani wakati mwingine hukubali, na kishikwambi kinarukia ukurasa mwingine.

"Kiazi," anasema Kaaka Feresta.

Peninah anapapasa mifuko ya koti. Ni saa tisa na nusu. Viazi vya leo vilishaliwa zamani.

Wote wanamgeukia Enoka, kwa sababu ndiye mwenye miguu mizima. Enoka anaondoka kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuonekana anakimbia, anavuka barabara mpaka kwenye kibanda cha mama anayeuza katogo na viazi vya kuchemsha, na mara hii anarudi akikimbia kabisa, kiazi cha moto anakirusha mkono huu mkono ule.

"Shilingi mia tatu," anasema akihema. "Utanirudishia."

Peninah anakimega, anageuza upande wenye unyevu, anaupeleka kwenye kioo. Hapo mkono unasimama hewani.

"Nisomee kwanza," anamwambia Brenda.

"Kaaka, zimebaki dakika ishirini na tano. Ni masharti tu. Hakuna anayeyasoma."

"Ndiyo maana. Nisomee yote. Kwa sauti."

Brenda anasoma. Ni masharti kumi na mawili. La kwanza ni la usafi wa meza, la pili la kelele, la tatu la moto. Watu benchini wanatikisa vichwa, wanakubali moja moja. Brenda anafika la tisa: wenye meza wote watafagia kibaraza kila Jumatatu kabla ya saa mbili asubuhi, kwa zamu, wakianza na aliyehakikiwa kwanza.

Enoka anasogea karibu na kishikwambi.

"Kufagia?" anauliza Enoka. "Nani amekubali kufagia?"

"Wewe, sebo," anasema Brenda kwa adabu. "Wiki tatu zilizopita."

"Tena kwa sekunde mbili," anaongeza Peninah.

Kicheko kinachotoka benchini kinamfanya mlinzi wa ofisi achungulie mlangoni. Brenda anasoma mpaka la kumi na mbili. Saa kumi kasorobo, Peninah anagonga neno "Nakubali" kwa kiazi, polepole, kama alivyokuwa akiwaelekeza wengine wasikandamize. Kishikwambi kinatoa mlio mdogo. Peninah anasema umefanana na kengele ya taipureta ikifika mwisho wa mstari.

Kibali chake ni cha mwaka mmoja, na kina maandishi pembeni kwamba alama ya kidole haikupatikana. Mwakani atalazimika kupita njia hiyo tena. Vidole havitarudi, daktari amekwisha kumwambia hivyo, na baridi ya Juni iko karibu.

"Sitafuti vidole vya zamani," anasema. "Wakati mwingine navikumbuka, kama mtu anavyokumbuka ndugu aliyehamia mbali. Nilikuwa nafunga vifungo bila kufikiri! Lakini nina mpango."

Mpango huo tayari uko mezani, chini ya jiwe. Ni nakala sita za barua ya kisiwani, zenye nafasi za majina. Anasema wiki hii pekee amefuatwa na wanne ambao mashine zinawakataa. Wawili ni akina mama wanaoponda kokoto, mmoja ni mpika sabuni ambaye magadi yamemla vidole, na mmoja ni babu tu, ambaye miaka themanini ya jembe imemfuta. Anataka kila ofisi ya gombolola yenye kimashine iwe na barua hiyo ukutani, na Brenda ameahidi kupeleka nakala moja kwa mkuu wake.

Kabla ya kufunga siku, Peninah anafungua pedi ya wino na lile daftari la 1988. Anakilaza kidole gumba kando ya kile cha usichana wake. Kinatoka doa jeusi, laini, lisilo na mstari hata mmoja, kama punje ya maharagwe. Anaandika tarehe ya leo chini yake. Mwandiko umepinda, lakini madaha yako pale pale.

"Vyote viwili ni vyangu," anasema.

Enoka, ambaye amekuja kudai mia tatu zake, anachungulia juu ya bega lake na kuinua moja ya zile barua. "Na hizi utawauzia watu kwa bei gani?"

"Hizi ni bure," anasema Peninah, akiifunika taipureta. "Ila kwenye neno la kumjua, mbuzi nitawahesabu mimi mwenyewe."